Zima mziki, tusikie kitambaa

Ukifungua TikTok saa tatu usiku siku hizi haziishi dakika mbili utamkuta mtu yuko laivu anauza vitambaa. Majora yamepangwa nyuma yake mpaka karibu na dari, taa ya duara inammulika usoni, mziki uko juu, anachomoa kitenge kimoja anakipeperusha mbele ya kamera, anataja bei, anataja namba ya kulipia, anachomoa kingine. Kwenye status za WhatsApp ni hivo hivo, ila picha zimetulia. Biashara ya vitambaa imehamia kwenye simu, hilo halina ubishi tena, na juu yake kuna maneno ya aina mbili yanazunguka. Kundi la kwanza linasema kushika kitambaa kumekufa, yale yalikuwa mambo ya mama zetu, kizazi hiki kinanunua kwa macho. Kundi la pili linasema subirini tu, teknolojia inakuja, utapitisha kidole kwenye kioo cha simu na utakisikia kitambaa kama kiko mkononi. Mimi naona wote wamekosea na wamekosea mahali pamoja, wanadhani kugusa ni kazi ya ngozi basi, kwahiyo palipo na kioo kati yako na kitambaa ama ngozi imeshindwa au ngozi inasubiri kifaa. Hoja yangu ni kwamba kugusa kitambaa ni mwendo, ni uzito, ni sauti, na ni maneno pia, ngozi ni mlango tu wa kuingilia. Na sehemu kubwa ya hayo inaweza kupita kwenye simu hii hii uliyoishika, leo, kama wanaotengeneza matangazo na apu za biashara wangeacha kukichukulia kitambaa kama picha.

Nenda Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, au Biashara Street kama uko Mombasa, simama pembeni umuangalie mama mtu mzima ananunua. Hatazami sana. Anashika pindo kwa dole gumba na vidole viwili, anasugua taratibu kwenda na kurudi, alafu anakusanya kitambaa kwenye ngumi anakifinya, anatulia kidogo, anaachia, anaangalia kama mikunjo inafunguka au imeganda pale pale. Anakigeuza nyuma. Anakivuta mshazari. Anakiweka juu ya kiganja anakipandisha na kukishusha kama mtu anayepima sukari. Mwisho anakikung'uta mara moja, pa! ndo anauliza bei, tena anauliza kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua atatoa shilingi ngapi. Kila tendo hapo ni swali lake. Wanasaikolojia wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, mwaka 1987 walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mkono una mwendo maalum kwa kila kitu unachotaka kujua: unasugua ukitaka kujua uso wa kitu ukoje, unabonyeza ukitaka kujua ugumu, unatulia bila kusogea ukitaka kujua ubaridi, unanyanyua ukitaka uzito, unazungusha kiganja au unafuata kingo kwa kidole ukitaka ukubwa na umbo. Kiganja kimoja na vidole vyake kina vipokezi vya mguso kama 17,000, lakini vyote hivo vikiwekwa juu ya kitambaa vikatulia bila kusogea vinajua kidogo sana, wala hutatofautisha hariri na satini ya polista. Na kuna jambo jingine linanishangaza kila nikilifikiria, kwamba ngozi yetu haina kabisa kipokezi cha unyevu. Ukianua nguo kwenye kamba ukasema "bado mbichi hii", ubongo wako umekisia, umechukua ubaridi na namna kitambaa kinavyong'ang'ania kidole ukapata jibu. Kwahiyo hata mguso wa mkono mtupu, bila simu wala kioo, tayari ni kazi ya kukusanya dalili na kufikia hukumu.

Sasa angalia lugha yetu ilivyoliona hili zamani. Sisi tunasema nasikia baridi, nasikia harufu, nasikia njaa, nasikia uchungu, na nasikia mtu anaita. Neno ni moja. Watu wengine wanaona ni upungufu, kwamba Kiswahili hakina neno la kila hisia, mimi naona ni ujuzi, kwa sababu mlango wa sikio na mlango wa ngozi vinafunguka chumba kimoja. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Finland, Veikko Jousmäki na Riitta Hari, waliwaambia watu wasugue viganja vyao mbele ya maikrofoni huku wakisikiliza mlio huo huo kwa hedifoni, alafu wakawa wanaubadilisha. Walipoongeza zile sauti nyembamba za juu, watu wakasema ngozi yao imekauka, imekuwa laini kama karatasi. Hakuna kilichobadilika mkononi, kilichobadilika ni kilichoingia masikioni. Hiyo ndo sababu yule mama wa Mtaa wa Uhuru anakung'uta kitambaa. Pamba nzito ina mlio wake, polista ina ule mchakacho wake mwembamba, hariri nayo ina mkwaruzo wake kabisa, na mtu aliyezoea anautambua hata akiwa amegeuka upande mwingine. Alafu sisi tumechukua biashara hii tumeiweka kwenye chombo ambacho kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kubeba sauti, simu, na kitu cha kwanza tulichofanya ni kukifunika kitambaa kwa mziki.

Hapa ndo naomba tuelewane kwa nini nasema hili ni swala la dizaini ya mawasiliano, maana nikilizungumza watu huniambia tatizo ni utapeli tu, wauzaji wa mtandaoni ni waongo, maliza utapeli umemaliza kila kitu. Utapeli upo na umeumiza watu, na hizi picha za kutengenezwa na akili mnemba zimezidisha maana unaonyeshwa gauni ambalo halijawahi kushonwa popote duniani. Lakini hoja hii haifiki mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kitambaa cha sare ya harusi ya ndugu yangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha nzuri, rangi ikaja ile ile kabisa ya kwenye picha, vipimo vimetimia, mzigo umefika siku aliyosema. Aliandika "kitambaa laini". Na kweli kilikuwa laini, kilikuwa kinateleza kama sabuni, fundi akakiweka chini ya mguu wa cherehani kikawa kinakimbia, akaniambia hiki hakishiki pasi na hakikai mwilini mtafutieni kazi nyingine. Yule muuzaji hakunidanganya hata neno moja. Laini yake ilikuwa laini ya kuteleza, laini yangu niliyokuwa naiwaza ni laini ya pamba iliyofuliwa, na kati yetu hapakuwa na chochote cha kutofautisha laini hizi mbili. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ila hiyo ilikuwa dukani ambako kizuri kinaweza kushikwa. Kwenye simu kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, kwa picha ile ile, taa ile ile, na neno lile lile. Muuzaji muaminifu hana njia ya kuonyesha uaminifu wake, na huyo ndo anaumia zaidi kuliko tapeli.

Na hilo la maneno nataka nilikalie kidogo. Sisi tuna maneno mengi sana ya kitambaa, yako midomoni mwa mafundi cherehani na akina mama wa vitenge: kinarudi kikifuliwa, kinachuja, kinapauka, kinakaza, kinavutika, kinateleza, kinachoma mwilini, kinapumua, kinashika pasi, kinajikunja, kinaanguka vizuri, kimekufa. Fungua tangazo lolote la mtandaoni uhesabu ni mangapi kati ya hayo yameandikwa. Utakuta kizuri, kikali, cha moto, original. Wajapani walikutana na swali hili viwandani miaka ya 1970 na walilifanyia kazi kwa heshima kubwa. Profesa Sueo Kawabata wa Kyoto akiwa na Masako Niwa walikaa na mabingwa wa viwanda vya nguo, wale wazee ambao kiwanda kinawaleta waguse jora waseme linafaa au halifai, wakakubaliana kwanza maneno. Koshi ni ule ukakamavu wenye kurudi, ukikunja kinafunguka. Numeri ni ulaini wa kuteleza. Fukurami ni kujaa, unono, kama blanketi zuri. Shari ni ule ukavu wa kuchakacha unaotakiwa kwenye suti za msimu wa joto. Walipokwisha kukubaliana maneno ndo wakatengeneza mashine nne zinazopima mambo 16 ya kitambaa, kinavutikaje, kinapindaje, kinabonyeaje, uso wake unasuguaje, na vipimo vile vikaunganishwa na hukumu za wale wazee. Ona mpangilio wao: kwanza mkono wa bingwa, alafu neno, alafu ndo mashine. Sisi tumeruka moja kwa moja kwenye simu na maneno tuliyokuwa nayo tumeyaacha kwa fundi.

Tuje kwa wale wanaosema kugusa kumekufa. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba mbona Ulaya na Marekani watu wananunua nguo mtandaoni kwa wingi kabisa bila kushika na dunia haijaanguka. Ni kweli wananunua, lakini angalia wananunuaje. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inampa mnunuzi wa mbali siku 14 za kurudisha mzigo bila kutoa sababu yoyote. Mtu anaagiza gauni, linafika, analishika, analivaa mbele ya kioo chumbani kwake, halimpendezi analirudisha. Kwahiyo mkono haujaondolewa kwenye biashara ile, umesogezwa tu kutoka dukani mpaka sebuleni, na gharama ya kuusogeza mara nyingi inalipwa na kampuni, na mazingira nayo yanalipa maana mizigo inasafiri kwenda na kurudi. Sasa ulinganishe na kile kibandiko tunachokijua wote, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Tumechukua nusu ya mfumo wa wenzetu, ile nusu ya kununua bila kushika, tukaiacha nusu inayoufanya uwezekane. Kitu pekee kwetu kinachofanana na zile siku 14 ni lipa ukipokea, pale boda anasimama getini na wewe unafungua mfuko. Watu husema lipa ukipokea ni kwa sababu Waafrika hawaaminiani. Mimi nasema zile dakika mbili za getini ndo mkono umepata nafasi yake, na ukiziangalia vizuri utaona mtu anafanya haraka haraka yale yale ya Mtaa wa Uhuru, anasugua, anafinya, anageuza, huku boda anaungurumisha pikipiki. Muuzaji anayefuta lipa ukipokea akidhani amepunguza usumbufu wa malipo amefunga dirisha la mwisho la kushika.

Kundi la pili, wale wa subirini teknolojia, ndo wenye hoja dhaifu kuliko zote, ila ndo inayopendwa zaidi na watu wa tech kwahiyo lazima ijibiwe kwa uzito. Simu zetu zinatetema, ndio, na mitetemo imekuwa mizuri kuliko zamani, Apple walipoleta ile mota yao ya mtetemo, Taptic Engine, mwaka 2015 kidole kilianza kudhani kimebonyeza kitu wakati kioo hakijasogea. Ngozi ina vipokezi vinavyopenda mtetemo hasa wa mara 200 mpaka 300 kwa sekunde na mota ndogo ya ndani ya simu inacheza karibu na hapo hapo. Lakini mtetemo ni hodi. Unakwambia kuna mtu mlangoni, unakwambia umebonyeza, haukwambii ndani ya nyumba kukoje. Kuna njia nyingine ya ndani zaidi ambayo Disney Research waliionyesha mwaka 2010 wakaiita TeslaTouch, umeme mdogo unapita chini ya kioo na kidole kinachoteleza juu yake kinaskia msuguano unabadilika, jambo lenyewe lilishaandikwa na wanasayansi tangu 1953. Ni kazi nzuri, siibezi. Ila rudi kwa yule mama na maswali yake uone kioo kinajibu mangapi. Kusugua, labda. Kufinya hapana, kioo hakifinyiki. Kunyanyua hapana, utanyanyua simu. Kuvuta mshazari hapana. Ubaridi ni wa kioo siku zote. Na kubwa kuliko yote, kitambaa tunakishika kwa kukibana, dole gumba upande huu na vidole upande ule, tunauskia unene wake kwa sababu tumeuzunguka, wakati kioo kina upande mmoja tu. Hata ukiboresha umeme ule mara mia utakuwa umejibu swali moja kwa ufasaha mkubwa na matano mengine umeyaacha.

Wengine wakaenda kinyume, badala ya kutia kitambaa kwenye simu wakatia simu kwenye kitambaa. Google walitangaza mradi wa Jacquard mwaka 2015, uzi unaopitisha umeme ukafumwa kwenye mkono wa jaketi la Levi's lililotoka 2017, unapapasa mkono wa jaketi mziki unabadilika. Jina walilichagua vizuri, maana mashine ya kufuma ya Joseph Marie Jacquard ya mwaka 1804 ilitumia kadi zenye matundu na Charles Babbage aliazima wazo lile kwa ajili ya mashine yake ya hesabu, kompyuta na kitambaa ni ndugu wa damu kabisa. Lakini jaketi lile lilichukua kitambaa likakigeuza kitufe. Denimu ile ingekuwa plastiki kazi ingefanyika vile vile. Mwaka 2023 apu yake ikafungwa.

Ukitaka kujua kioo laini kinashindwa wapi na kinasaidiwa na nini, waulize wasioona, wao ndo walifanya kazi hii kabla yetu sote. Simu za vitufe zilikuwa na kinundu kidogo kwenye namba 5, wengi tuliandika meseji mkono ukiwa chini ya dawati bila kuangalia kwa sababu ya kinundu kile. Simu za kioo zilipokuja kinundu kikafa, na kwa asiyeona ilikuwa kama kuambiwa nyumba yako imehamishwa milango. Kilichorudisha simu mikononi mwao ni sauti. Mwaka 2009 iPhone ikaja na VoiceOver, Android nayo ina TalkBack, kidole kinapita juu ya kioo na sikio linaambiwa kiko wapi. Siwezi kusema sauti imemaliza kila kitu, nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ya wasioona, zina nafasi yake na anayezisoma kwa kidole anasoma herufi kwa herufi kama wewe unavyosoma hapa, anajua tahajia, anarudi nyuma anapotaka. Lakini fundisho lipo pale wazi, watu walioutegemea mguso kuliko sisi, walipopewa kioo kitupu, hawakuukalia wakisubiri kioo kiote vinundu. Mguso ulipita kwenye sikio.

Na kununua kitambaa kwa mbali hakujaanza na WhatsApp, pwani hii imefanya hivo karibu karne mbili. Merikani, lile shuka la pamba lisilopaushwa, liliitwa hivo kwa sababu lilitoka viwanda vya Massachusetts likaja Unguja kwa meli likaingia bara kwa misafara, mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ya 1861 mpaka 1865 ilipolikata na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Khanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India, Japani, wakati anayezivaa yuko Mombasa au Lamu, na familia ya Kaderdina Hajee Essak, yule wa khanga za chapa ya "Mali ya Abdulla", aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, ilikuwa na kazi ya kujua mkono wa mnunuzi unataka nini na kuupeleka ujumbe ule bahari mbili mbali. Khanga yenyewe ukiitazama ni somo la mawasiliano. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa, zamani kwa herufi za Kiarabu siku hizi za Kilatini, ili jirani alisome kwa mbali. Kitambaa chenyewe ni cha aliyejifunga na mtoto aliye mgongoni, ambaye hajui kusoma ila anaijua khanga ya mama yake kwa shavu. Ujumbe wa mbali kwa macho, ujumbe wa karibu kwa ngozi, katika pamba ile ile. Tukituma picha ya khanga kwenye simu tumetuma wa jirani tu.

Ila watu wa kawaida wameshapata njia, na ndo maana nakataa kuambiwa tusubiri. Dada aliyeko Muscat au London akitaka khanga hatazami posti, anampigia mama mdogo wake Dar. Mama mdogo anakwenda Kariakoo, anashika, alafu anatuma voisi: "Mwanangu hii ya bluu nzuri kwa macho lakini ina wanga mwingi, ukifua itakuwa chachi. Ile ya njano nzito, inashika, ila pindo limechapwa limepinda. Chukua ya njano." Voisi ya nusu dakika imebeba mguso kutoka Kariakoo mpaka ng'ambo, kwa sauti na kwa maneno, bila umeme chini ya kioo. Hiyo ndo dizaini bora ya mguso niliyowahi kuiona kwenye simu na haijatengenezwa na kampuni yoyote.

Kwahiyo ningekuwa natengeneza apu ya kuuzia vitambaa, au nina duka na bando tu, ningeanzia hapo. Picha ya nyuma ya kitambaa iwe lazima, maana kitenge cha wax rangi zake zinakolea pande zote mbili sawasawa na kile cha kuchapwa upande mmoja nyuma kimepauka, mkono ungekigeuza basi kamera ikigeuze. Video iwe ya mkono, ifinye ihesabu tano iachie, ivute mshazari, na mziki uzimwe, simu isogezwe karibu kitambaa kisuguliwe mbele ya maikrofoni. Chomoa uzi uuchome, pamba itaungua kama karatasi ibaki majivu, polista itayeyuka ibaki kidonge kigumu, wauzaji wengine wanafanya hivi tayari kwenye laivu na wateja wao wanajua wanachonunua. Mwaka 1930 mtafiti mmoja aliyefanya kazi Uingereza, F. T. Peirce, alipima ukakamavu wa kitambaa kwa kukisukuma taratibu kutoka kwenye ukingo mpaka kikainama kwa uzito wake mwenyewe, alafu akaangalia ni urefu gani umetoka. Hilo linawezekana kwenye meza yoyote yenye rula, na mtu aliyeko Kigoma akiona vitambaa viwili vinainama tofauti ameshapata kitu ambacho vidole vyake vingemwambia. Sehemu ya maelezo iache kuuliza rangi na bei peke yake, iulize kinarudi, kinachuja, kinateleza, kinapumua. Na vipande vidogo vya sampuli, vya ukubwa wa kiganja, vipelekwe kwa mafundi cherehani wa mitaani vitobolewe vining'inizwe kwenye pete ya waya na namba ya oda, maana fundi yuko kila mtaa na kila kitambaa kinachouzwa mtandaoni mwisho wake kinapita kwake. Gharama ya hilo la mwisho ni halisi, muuzaji mwenye mtaji mdogo hawezi kukata sampuli za kila jora, na sina jibu zuri kwake zaidi ya kuanza na zile anazouza kila wiki. Hayo mengine ni bure.

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu, nalo ni kwamba mkono wenyewe unadanganywa. Khanga mpya inakuja na wanga, inasimama yenyewe, imenyooka, ukiishika dukani unaona ni nzito, ukiifua mara mbili wanga umekwenda na maji unabaki na kitu unaona nje kupitia kwake. Yule mama mjuzi anaijua hila hii ndo maana anasugua pembe moja kwa nguvu mpaka ilegee, lakini wengi hatujui. Hapa simu ina uwezo ambao duka halina, kwa sababu duka linauza leo na simu inaweza kuweka kumbukumbu. Khanga ya kwenye laivu siku zote ni mpya, imetoka kwenye nailoni sasa hivi, na bado sijamuona muuzaji aliyeleta mbele ya kamera doti ya toleo lile lile aliyoivaa na kuifua tangu mwaka jana, akaisugua karibu na maikrofoni, akaifinya, akaachia.